Mashine ya Sahani na Maji Yaliyouma

Mpaka leo, nikikaa na watu wa Amu, yaani Lamu, waliozeeka kama mimi, huwa yupo mmoja atakayeanza kusimulia habari za mwanamke aliyeogopa mashine ya kuosha sahani. Husimulia kwa kuchekesha. Huigiza alivyoruka, alivyopiga ukelele, alivyosoma Ayatul Kursi mbele ya pipa la bati. Watu hucheka mpaka wakashika mbavu. Mimi humngoja amalize, kisha nawaambia kwamba mwanamke huyo alikuwa shangazi yangu, na hakuogopa kitu. Nimelisema mara nyingi kwa mdomo. Sasa naliandika, ili anayetaka kucheka asome kwanza.

Mimi si mtu wa elimu. Chuoni niliondoka kabla sijafika nusu ya msahafu, kwa sababu mwalimu alichoshwa na maswali yangu na mimi nilichoshwa na bakora yake. Nikaenda Mombasa, nikabeba makaa ya mawe, nikapaka mafuta mitambo ya meli za pwani, nikakaa Unguja mwaka na nusu. Herufi za Kizungu nilijifunza kwa kusoma maandishi ya masanduku gatini. Sikukaa mahali pamoja. Kila nilipokwisha kuelewa jinsi kitu kinavyofanya kazi, hamu yangu ilikwisha na miguu ikaanza kuwasha. Watu waliniita mzururaji, na sikuwahi kuwakatalia.

Miaka michache kabla ya vita vya Mjerumani, homa ilinishika Mombasa, nikarudi kwetu. Aliyekuwa amebaki ni shangazi yangu peke yake, dada mkubwa wa baba. Alizaliwa katika nyumba ya tajiri mmoja wa mjini, wakati ambapo watu walikuwa bado wakimilikiwa kama mashamba. Serikali ilipotangaza kuwa mambo hayo yamekwisha, yeye hakuondoka. Alisema hajui aende wapi, na sahani za nyumba ile hakuna mwingine anayezijua. Alikuwa muoshaji wa vyombo, na kazi hiyo aliifanya kama wengine wanavyofanya kazi ya kutarizi kofia. Sinia za kaure za mama mwenye nyumba, zilizorithiwa kutoka kwa bibi yake, hazikuguswa na mkono mwingine.

Ni yeye aliyeniombea kazi. Tajiri huyo alikuwa na kinu cha ufuta katika ghala lililotazamana na nyumba yake. Zamani kinu kilizungushwa na ngamia, amefungwa macho, akienda duara kutwa. Kisha tajiri alileta injini ya mafuta ya taa, ngamia akauzwa, na mimi ndiye niliyewekwa kuitunza. Juu ya injini aliongeza dinamo. Akavuta waya mbili kutoka ghalani, zikapita juu ya kichochoro, zikaingia nyumbani kwake, na taa sita zikawaka bila ya utambi wala moshi. Watu walikuja kuziangalia kama wanavyokwenda kumtazama bwana harusi. Tajiri alikaa dakani, barazani pa mlango wake, akipokea pongezi, na mtu akiuliza stima inapita vipi ndani ya waya, alijibu kuwa hilo ni jambo la wataalamu.

Alipenda vitu vipya, na sikumlaumu kwa hilo, maana mimi pia navipenda. Tofauti yetu ni kwamba yeye alipenda kuwa navyo, na mimi nilipenda kuvifungua.

Mashine ya sahani ilikuja kwa meli, katika sanduku kubwa. Mahamali wanane walilibeba kutoka gatini, na kwa kuwa vichochoro vya Amu havikujengwa kwa ajili ya masanduku ya namna ile, kwenye kona mbili ilibidi walisimamishe wima na kulizungusha kama mgonjwa anayetolewa chumbani. Ndani mlikuwa na pipa la bati nene juu ya miguu minne ya mbao. Ndani ya pipa mlikuwa na kikapu cha waya cha kupangia sahani, na chini kabisa kafi ya chuma. Kafi hiyo ilizungushwa na mota ndogo iliyofungwa chini ya pipa, nje. Mtingo wa mota, ule mchi wa chuma unaozungusha kafi, ulipita katika tundu kwenye kitako cha pipa, na tundu hilo lilizibwa kwa duara la ngozi ili maji yasishuke. Unatia sahani, unatia maji ya moto, unafunika, unabonyeza swichi ya ukutani, kafi inarusha maji, sahani zinatoka safi.

Iliwekwa katika chumba cha kisima, chini, kando ya kiwanda cha ndani, ule uwanja wa katikati ya nyumba. Tajiri alikuwa amekitandika sakafu ya vigae vya rangi kutoka Bombay, kwa heshima ya mashine.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wageni hawalijui na sisi hatulifikirii. Maji matamu ya mji wetu yaliletwa kwa punda kutoka visima vya Shela, penye michanga. Yalikuwa ya kunywa na kupikia. Maji ya visima vya majumbani yalikuwa na chumvi, na ndiyo yaliyooshea vyombo. Vyombo huoshwa kwa maji ya kisima, kisha husuuzwa kwa maji matamu kidogo. Hakuna mwanamke wa Amu ambaye angemwaga maji ya Shela katika pipa zima kwa ajili ya sahani chafu. Kwa hiyo mashine ilinyweshwa maji ya chumvi, mara mbili kila siku, na aliyeitengeneza huko kwao nadhani hakuwahi kuota jambo kama hilo.

Shangazi hakuiogopa. Siku ya kwanza aliizunguka, akaipapasa, akaniuliza kila kipande kazi yake. Siku ya tatu alikuwa akiiamrisha. Aliniambia kwamba haisugui ukoko wa wali vizuri kama jivu na makumbi ya nazi, lakini kwa sahani za kawaida inafaa, na mgongo wake unaipenda. Hayo ndiyo maneno ya mwanamke aliyeogopa mashine.

Baada ya miezi miwili hivi, mashine ikaanza kuvuja. Chumvi ilikuwa imelila lile duara la ngozi. Matone yalishuka kwenye mtingo, yakapita juu ya mota, yakatandaza maji sakafuni. Shangazi alimwambia mama mwenye nyumba, naye akamwambia mumewe, na jibu likarudi kuwa chumba cha kuoshea kina haki ya kuwa na maji. Apanguse.

Alipangusa. Hakuna kilichomuuma wakati huo, kwa sababu alikuwa amevaa mitawanda, vile viatu vya mbao virefu ambavyo wanawake wetu huvaa penye maji. Lakini mitawanda ilivunja pembe ya kigae kimoja cha Bombay, kisha cha pili. Tajiri alikasirika. Akatoa amri mitawanda isiingie tena chumba cha kisima. Shangazi akaiacha kizingitini, akaingia miguu mitupu.

Siku ya pili yake aliniletea chakula cha mchana ghalani, akakaa chini akijikanda mkono. Nikamuuliza ana nini.

"Mai yameniuma," akasema.

Nilidhani ni maji ya moto. Akatikisa kichwa. Alinionyesha kutoka kwenye vidole mpaka kwenye kiwiko, akasema kitu kimepita humo kama siafu waliofukuzwa, na alipoondoa mkono kwenye pipa nacho kikaondoka. Nilimjua vizuri. Alikuwa mwanamke aliyeng'olewa jino na kinyozi bila ya kufumba macho.

Melini niliwahi kumwona mtu wa taa akirushwa na waya zilizoingia maji ya bahari. Nilikuwa na fununu. Nikaenda kwa tajiri, nikamweleza kwa adabu zote. Alinisikiliza akivuta tasbihi, kisha akasema stima inakaa ndani ya waya, haikai ndani ya maji, na kama ingekaa ndani ya maji basi bahari yote ingewaka. Waliokuwa naye dakani walicheka. Akasema pengine bibi ana shetani wake, akampeleka mtu kwa mwalimu amwandikie kombe, aya za kuoshwa kwa marashi na kunywewa. Shangazi alilinywa. Aliniambia baadaye kwamba lilikuwa na marashi mazuri, ila yule mnyama pipani hakuambiwa.

Aliumwa tena. Mara ya tatu, mara ya nne. Si kila siku. Siku nyingine alifanya kazi tangu mwanzo hadi mwisho na hakupata kitu, na hilo ndilo lililompotezea ushahidi, kwa sababu watu wanataka ugonjwa uwe na saa maalumu kama adhana.

Ndipo akaja fundi wa stima kutoka Mombasa, yule aliyefunga dinamo, amepita na meli kwa siku moja. Tajiri akamwomba aitazame mashine. Sasa fikiri jinsi jambo hilo lilivyokwenda, maana hapa ndipo kosa letu lilipokuwa, letu sote pamoja na langu.

Fundi ni mwanamume wa kando. Hawezi kuingia ndani ya nyumba mpaka wanawake wamepanda juu na pazia limeshushwa. Na mgeni akija, chumba hakionyeshwi kikiwa kichafu. Kwa hiyo shangazi, aliposikia kwamba fundi anakuja, alifanya kama alivyofunzwa tangu utotoni. Alitoa sahani. Akamwaga maji ya pipa. Akalifuta pipa ndani na nje, akapangusa sakafu, akaikausha kwa matambara makavu mpaka vigae vikang'aa, akafukiza udi. Kisha akapanda juu na wenziwe. Fundi akaingia, na kwa heshima ya ugeni hakuvuliwa viatu vyake vya ngozi vyenye kamba ndefu na soli nene. Akabonyeza swichi. Mashine tupu ikazunguka. Akaweka mikono miwili juu ya bati, akatutazama mimi na tajiri tuliosimama mlangoni, akatabasamu.

"Bwana, mashine yako nzima," akasema. "Mgonjwa ni bibi."

Kufika alasiri, maneno hayo yalikuwa yameshafika sokoni. Wanawake kisimani walimuuliza shangazi kama leo mashine imemtongoza. Wauza samaki walimwita Bi Stima. Alikuwa mtu wa kujibu, na siku za kwanza alijibu vizuri sana. Alimwambia mmoja kuwa afadhali yeye anayetongozwa na mashine, kuliko mwenzake asiyetongozwa hata na paka. Lakini baadaye akanyamaza. Jioni moja aliniambia maneno ambayo mpaka leo yananichoma zaidi ya yale ya fundi.

"Labda ni mimi, mwanangu. Labda akili inaniondoka."

Hapo nikakata shauri kwamba nitajua ukweli, na nikishaujua sitaufunga mdomoni.

Asubuhi moja mama mwenye nyumba alikwenda kumhani jamaa yake, na tajiri alikuwa forodhani. Injini ilikuwa ikikamua ufuta kama kawaida. Nikavuka kichochoro, nikamwambia shangazi afanye kazi yake hasa kama anavyoifanya siku zote, na asipanguse kitu. Alitia maji ya kisima, akatia sahani, akaiwasha. Nikalala kifudifudi nikatazama chini ya pipa. Maji yalikuwa yakishuka kwenye mtingo tone kwa tone, yakiingia katika mota. Waya zilizovishwa kitambaa zilikuwa zimeota ukoko mweupe wa chumvi, kama mashua iliyopandishwa ufukoni.

Nikaanza kujijaribia mwenyewe. Nilivaa makubadhi yangu makavu, nikagusa bati kwa upande wa nyuma wa kidole. Hakuna kitu. Nikavaa mitawanda ya shangazi, vidole vyangu vikining'inia nje, naye akacheka kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi. Hakuna kitu. Nikasimama miguu mitupu kwenye kigae kikavu karibu na mlango, nikanyoosha mkono, nikasikia kama mdudu anatembea. Kisha nikaingia kwenye maji, nikaligusa tena bati.

Sitaki kueleza sana. Nilirudi kinyumenyume nikakaa kitako, na meno yangu yalikuwa yamegongana mpaka ulimi ukatoka damu.

Shangazi alinitazama. Hakuniuliza kama nimeumia. Alisema tu, "Umeona?" na machozi yakamtoka, si ya huruma kwangu, ni ya kuwa amepata mtu wa pili.

Nilikaa pale nikafikiri, na baadaye nilipofanya kazi katika meli kubwa niliwauliza wanaojua, wakaniambia nilifikiri sawa. Maji ya chumvi yaliunganisha waya na mwili wa chuma. Pipa lilikuwa juu ya miguu ya mbao, kwa hiyo stima iliyopanda kwenye bati haikuwa na pa kushukia. Ikakaa ikingoja. Dinamo kule ghalani ilikuwa imefungwa kwenye chuma kilichozikwa ardhini, na ardhi ndiyo iliyokuwa njia yake ya kurudi. Aliyesimama majini miguu mitupu na kushika pipa alikuwa daraja. Mitawanda ilikuwa imelivunja daraja hilo wakati wote. Na shangazi yangu, kwa adabu yake, alikuwa akimkaushia fundi sakafu na kumfutia ushahidi.

Nilimpelekea tajiri habari hiyo siku ileile. Sikueleza vizuri, nakubali, nilikuwa na haraka na ulimi umevimba. Aliniuliza nimesomea wapi. Nikasema melini. Akasema fundi amesomea kazi yake na mimi ni mpakaji mafuta, na harusi ya binti yake imebaki siku chache, hana nafasi ya masomo. Nikaomba basi mitawanda irudishwe. Akasema vigae vitatazamwa na wageni.

Nilipaswa kuzima injini siku ile. Sikuzima. Hilo ni langu, na silitii katika hesabu ya mtu mwingine.

Siku mbili baadaye, wageni wa harusi wa kutoka Pate na Siyu walikuwa wameshaanza kushuka, na vyombo vilikuwa milima. Shangazi alishika ukingo wa pipa kwa mkono mmoja, mkono wa pili una sinia ya kaure aliyokuwa akiipisha kando. Safari hii mkono ulikataa kuachia. Alisema aliuamuru na haukumsikia, vidole vilikuwa vimefunga kama vya maiti. Kilichomwokoa ni kwamba magoti yalilegea. Alianguka, uzito wake ukamng'oa, kichwa kikagonga ukingo wa kisima. Sinia ikavunjika.

Niliisikia sauti ya mama mwenye nyumba kutoka ng'ambo ya kichochoro. Kwanza ililia sinia. Kisha ikaita jina la shangazi, mara tatu, kwa sauti nyingine kabisa.

Nikaizima injini. Nikachomoa mpini wa kuiwashia, nikautia kwapani, nikakaa juu ya gunia la ufuta.

Tajiri alikuja mwenyewe, na wafanyakazi wa kinu wote wakaacha kazi wasikilize. Alitaka mpini. Nikamwambia nitautoa, na injini nitaiwasha kwa mkono wangu, lakini kwa sharti moja: akitazame chumba kile kikiwa kinafanya kazi, maji yakiwa chini, kabla ya mtu hajakipangusa. Akasema sina haki ya kumwekea sharti katika mali yake. Nikasema kweli sina, ila mpini ninao. Mmoja wa wapakiaji alikohoa ili asicheke. Nadhani ni kikohozi kile kilichomfanya akubali. Hakutaka kuonekana anaogopa kuingia chumba cha nyumba yake.

Tatizo halikuwa yeye. Tatizo lilikuwa shangazi. Nilimkuta amekaa kiwandani, kitambaa chenye damu kichwani, mkono wa kulia umelala mapajani kama wa mtu mwingine, na mkono wa kushoto unatafuta tambara. Nilipomwambia kwamba bwana anakuja na asipanguse, alinikatalia kabisa. Amepata aibu ya kuitwa mwendawazimu, sasa aonekane na uchafu? Mamake angesema nini? Tulibishana pale kwa sauti za chini. Nilimwambia kuwa adabu yake ndiyo inayomwua. Alinijibu kwamba adabu ndiyo kitu pekee katika nyumba ile ambacho hakupewa na mtu.

Akaliangalia tambara, kisha akalitupa kisimani. Sikumwomba kufanya hivyo. Ulikuwa uamuzi wake, na kwangu ni jambo la ushujaa kuliko lolote nililofanya mimi siku ile.

Nikaenda kuiwasha injini, nikarudi mbio. Mashine ilikuwa ikiguruma, maji yametanda mpaka kizingitini. Tajiri alisimama mlangoni amevaa makubadhi yake ya ngozi. Shangazi alisimama ukutani, amejifunika leso, ameinua uso. Ngazini, nyuma ya pazia, alikuwepo mama mwenye nyumba. Sikumwona siku hiyo wala siku nyingine yoyote, lakini pazia lilikuwa likipumua.

"Haya," akasema tajiri. "Nimetazama. Maji."

"Bwana, vua makubadhi," nikasema, "uingie, ushike bati."

"Wewe ni nani wa kunivua viatu?"

"Mimi si mtu. Lakini kila siku mara mbili shangazi yangu anasimama hapo miguu mitupu kwa amri yako. Mgonjwa ni yeye, mashine nzima. Basi simama mara moja tu."

Aliitazama mashine. Aliyatazama maji. Nilimwona akipima umbali kati ya ncha ya kiatu chake na ukingo wa maji, na nikaona, bila ya shaka yoyote, kwamba aliniamini. Sidhani kuwa aliniamini siku ile kwa mara ya kwanza. Nadhani aliniamini tangu nilipokwenda na ulimi umevimba.

"Sina haja," akasema.

Hapo pazia likasema. Sauti haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anayemaliza mazungumzo.

"Basi na yeye hana haja. Izime."

Tajiri aligeuka akatoka, na mimi nikaizima.

Vyombo vya harusi vilioshwa kiwandani kwa jivu na makumbi, wanawake kumi na wawili wameketi duara, na wakaimba. Shangazi hakuosha. Aliwekewa mkeka karibu yao, mkono wake wa kulia ukiwa bado mzito, akawaelekeza, na mama mwenye nyumba alimpelekea uji kutoka juu. Harusi ilipokwisha mimi nilifukuzwa, kwa sababu ya ulimi. Nilitegemea hivyo. Shangazi hakufukuzwa. Alifunga leso zake, chetezo chake cha udi na mitawanda yake, akaniambia tutafute chumba. Alikuwa hajawahi kulala nje ya nyumba ile maisha yake yote. Tukapata chumba katika kijiji cha Matondoni kwa jamaa wa mbali, nami nikapata kazi ya kuchemsha lami kwa watengenezaji wa mashua. Yeye alianza kupika mikate ya mofa na kuiuza, kwa mkono wa kushoto kwanza, kisha kwa yote miwili.

Miezi ikapita. Siku moja asubuhi akaja mjumbe wa tajiri, mtu mzima mwenye adabu, amepanda punda. Alikunywa kahawa, akauliza hali, kisha akasema lililomleta. Fundi amekuja tena. Duara la ngozi limetolewa, limewekwa la mpira. Mota imefunguliwa, imekaushwa, waya mpya zimetiwa. Fundi ameapa kuwa sasa hakuna neno. Bwana anamwomba bibi arudi, sahani zinavunjwa na wasiojua, na mitawanda ameiruhusu.

Mimi nilitaka kujibu. Nilikuwa na hotuba nzima kooni. Shangazi aliniinulia kiganja bila ya kunitazama. Aligeuza mkate jikoni, akaupuliza jivu, akauweka juu ya mwenziwe.

"Bwana amesimama humo?" akauliza. "Miguu mitupu, maji yakiwa chini?"

Mjumbe alisema hapana, hajasikia hivyo.

"Fundi je?"

Mjumbe alitazama kikombe chake.

"Basi mwambie nampa salamu," akasema shangazi. "Na aanze yeye."

Akamfungia mikate minne kwenye kikapu, zawadi ya mama mwenye nyumba, akamsindikiza mpaka kwenye punda.